Kutu Iliyotiririka Kwenda Juu

Saa tatu na nusu asubuhi, Mama Kutu anatia chumvi gari.

Ni chumvi ya mezani, ile ile ya kwenye mboga. Anaichota kwa ncha ya kijiti cha meno, punje mbili, punje tatu, na kuibandika kwenye mlango uliolowa maji. Mlango wenyewe hauzidi kidole gumba. Akishazipanga punje zake atapulizia rangi ya bluu, atasubiri ikauke, kisha atazisugua kwa mswaki wa zamani. Chumvi itang'oka pamoja na rangi iliyo juu yake, na pale ilipokuwa patabaki madoa ya kahawia yenye kingo zilizochakaa, kama ya gari lililolala nje miaka na miaka.

"Watu wanadhani kutu unaipaka juu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiipaka juu inaonekana kama mtu kamwagia chai. Kutu unaanza nayo chini. Unaifunika, halafu unaifunua kidogo kidogo."

Mkono wake wa kulia unatetemeka. Anaukandamiza kwenye ukingo wa meza, anavuta pumzi, anaibana, anabandika punje, anapumua. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja na haraka zake, anajikuta naye amebana pumzi bila kuambiwa.

Simu inalia. Si mteja, ni kengele aliyoitega mwenyewe. Mama Kutu anaweka kijiti, anafuta mikono kwenye kitambaa na kupita nyuma ya pazia, chumba cha pili.

"Leo umechelewa dakika nne, Dada," inasikika sauti ya mwanamume.

"Nikate mshahara."

Shuka linavutwa. Kuna mguno wa mtu anayeinua mzigo mzito kwa mgongo ambao haukubali tena. Anarudi na jasho usoni, anakaa, anashika kijiti chake.

"Namgeuza kila baada ya saa mbili," anaeleza. "Nikipitisha, ngozi inaoza."

Anayegeuzwa ni mdogo wake wa mwisho, mwenye miaka arobaini na mmoja. Alikuwa dereva wa mbio, na mtaani hadi leo anaitwa Dereva, ingawa ni miaka kumi na mmoja hajashika usukani. Uti wa mgongo ulikatika juu, karibu na shingo. Mikono inasogea, lakini vidole vinashika kwa shida. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuna kitu.

Mbio zake hazikuwa zile za kuzunguka. Magari mawili yanasimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka, taa inageuka kijani, yanafyatuka, na baada ya mita mia nne mambo yamekwisha. Mbio nzima haifikii muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Yanayoshindana mara nyingi ni magari ya kizamani yaliyokatwa paa likashushwa, yakatiwa matairi mapana nyuma na injini kubwa kuliko miili yao. Wenyewe wanayaita hotirodi.

Hayo ndiyo magari ambayo Mama Kutu anayatengeneza, yakiwa yamepunguzwa mara ishirini na tano. Anakata plastiki na bati la makopo. Nyaya za injini anazitoa kwenye vipaza vya masikioni vilivyokufa. Unga wa kutu anaupata kwa kulowesha sufi ya chuma ya kusugulia masufuria kwenye siki, wiki mbili, kisha anaukausha dirishani na kuusaga. Moja linamchukua kama wiki tatu, na bei yake inatosha dawa za vidonda vya mdogo wake kwa mwezi na nusu, siku zikiwa nzuri. Hadi sasa ametengeneza mia moja themanini na sita.

Ana miaka hamsini na nne. Kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia kupuliza rangi magari ya kweli katika gereji moja, mwanamke peke yake kati ya mafundi kumi na wanne. Barakoa hawakupewa. Waliambiwa wanywe maziwa.

"Na maziwa yenyewe tulijinunulia," anasema.

Uwezo wa kunusa ndio wa kwanza kumtoka. Leo chakula kikiungua jikoni, mgonjwa ndiye anayempigia kelele kutoka kitandani. Kisha mkono. Daktari alimweleza kwamba thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, imekula mishipa ya fahamu, na asipoiacha, baada ya mwaka, labda miwili, hataweza kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe.

"Nikamwambia, daktari, nguo zangu hazina vifungo." Anacheka peke yake. Mwandishi hakuona cha kuchekesha hapo, na alimwambia hivyo. "Basi wewe lia," akajibu. "Gawaneni na mdogo wangu, mmoja alie asubuhi, mwingine jioni. Mimi nina kazi."

Wateja wake ni madereva, mafundi na wenye magari. Anayetaka gari linalong'aa anafukuzwa. "Aende duka la watoto," anasema. Anayetaka lake lilivyo, na uchovu wake wote, anakalishwa kwenye kiti cha plastiki na kuhojiwa bonde kwa bonde, kila mahali bati lilipobonyea. Hili lilitoka wapi? Na mkwaruzo huu? Mafuta yalikuwa yanavuja upande gani? Asipojua, haliwekwi.

Siku moja alikuja bwana mmoja na mke wake. Kwenye bonde la bampa ya nyuma bwana akaanza kubabaika, mara ilikuwa hivi, mara vile. Mama Kutu hakumwachia. Ikatoka kwamba bonde ni la geti la nyumba ambayo bwana yule hakuwa na shughuli yoyote ya kwenda.

"Jamani! Nilifanyaje sasa? Bonde nikaliweka," anasema. "Mwisho wa yote mke ndiye aliyekuja kulichukua gari. Sijui analo mpaka leo au alimpiga nalo."

Hiyo ndiyo sheria yake, na anairudia kwa kila anayeingia: kutu haibuniwi. Yeye anaangalia, anaiga. Kutu ina njia yake, anasema, inaanzia kwenye mshono, kwenye msumari, kwenye mkwaruzo, halafu mvua inaishusha, inalia kwenda chini. Dereva, aliyelala nyuma ya pazia miaka yote hii, ameshayasikia maneno hayo mara nyingi hivi kwamba anaweza kuyamalizia. Na kweli aliyamalizia, kwa sauti ya kumwigiza dada yake, siku ya kwanza mwandishi alipoingia kumsalimia.

Chumba chake kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kuna kitanda, beseni, kabati la nguo, na kiti cha mgeni ambacho kilikuwa na vumbi. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, uso kwa dirisha.

"Dada kakwambia hilo lililoko mezani ni la nani?" aliuliza.

Ni la kwake. Katika magari yote mia moja themanini na sita, lake halikuwamo. Aliomba mwaka wa kwanza, akaambiwa subiri. Akaomba tena na tena. Mwaka huu daktari alipowaita na kusema figo za mgonjwa zimechoka, na kwamba familia ijiandae, Dereva alimtazama dada yake na kumuuliza: "Watu baki umewatengenezea karibu mia mbili. La kwangu lini?"

Dada akasema, basi, hili litakuwa la mwisho. Baada yake anaiacha thina.

Gari hilo lina jina. Dereva hakuoa, kila senti na kila Jumapili yake vilikwenda kwenye gari, na dada yake, aliyelipiga rangi ya bluu kwa mkono wake, alizoea kumtania kwamba ndiye mke. Akaliita Wifi. Jina likashika hadi kiwanjani.

"Nimemwambia asilifanye jipya," Dereva alisema. "Nimetaka kama lilivyo sasa. Yule kijana aliyelinunua anajua kukanyaga mafuta, lakini mchafu! Analilaza nje, halioshi. Lazima limeota kutu mpaka masikioni. Ila mbio bado zimo. Mwezi uliopita kamwacha mtu urefu wa gari mbili. Wewe wa magazeti, hujawahi kuliona?"

Mama Kutu alikuwa amesimama kwenye pazia. Mwandishi aliona macho yake, hakuyaelewa, akajibu kwamba hajabahatika. Ilikuwa kweli, kwa siku ile.

Wiki iliyofuata Mama Kutu alimwita mwandishi wafuatane mahali, mchana, katikati ya kengele mbili. Jirani, mke wa fundi cherehani, alibaki na mgonjwa. Kwenye geti la yadi ya vyuma chakavu alisimama.

"Nitakuonyesha kitu. Ukikiandika mdogo wangu akiwa hai na hajui, mimi na wewe hatujuani."

Mzee wa yadi, mwenye funguo, aliwapitisha kati ya mabasi yaliyokatwa na milundo ya milango. Mwisho kabisa, kwenye majani, lilikuwapo gari la bluu limelala juu ya paa, matairi juu, tairi moja halipo. Winchi ililishusha hivyo miaka kumi na mmoja iliyopita, na hakuna aliyeligusa tena.

Hakuna kijana aliyelinunua. Hakuna mbio za mwezi uliopita.

Siku ya ajali, Mama Kutu alikuwa pembeni ya barabara na kitambaa cha kufutia kioo mkononi. Aliona tairi la nyuma likipasuka baada ya mita mia mbili, akaona Wifi anainuka, anapinduka mara tatu, anatua kwa paa. Wiki tatu baadaye mdogo wake alifumbua macho hospitalini. Hakuuliza miguu. Aliuliza, "Wifi yuko wapi?"

"Daktari alikuwa keshaniambia usiku ule atapona au ataamua kutopona," anasema Mama Kutu. "Sasa mimi ningemjibu nini? Nikamwambia kapona. Katengenezwa, kanunuliwa. Uso wake ukabadilika. Akaniuliza, nani anamwendesha? Nikasema kijana mmoja, wa mbali. Basi. Neno moja likaita jingine."

Kila Jumapili alasiri alitoka kwa saa moja, akasema anakwenda kumpigia simu mtu anayejua matokeo. Alikwenda kukaa kwenye benchi la kituo cha mafuta. Akarudi na mbio. Wifi kashinda, Wifi kashindwa kwa matairi, Wifi kavunja ekseli. Mbio za viwanja kama vile haziandikwi popote, kwa hiyo hapakuwa na cha kumuumbua. Madereva wenzake walipokuja kumwona aliwadaka mlangoni na kuwafundisha maneno. Haikuwa kazi ya muda mrefu. Mwaka wa kwanza walikuja kwa zamu, wa pili walipiga simu, wa tatu wakanyamaza.

"Na alikula," anasema. "Akisikia Wifi kashinda, anamaliza sahani. Nikiona hali chakula siku mbili, Jumapili namshindisha."

Sasa mdogo wake anataka gari lilivyo, naye kutu habuni. Ndiyo maana mwezi huo alikuwa amekuja yadini kwa mara ya pili tu tangu ajali, akapiga picha kila mlango, kila mshono. Alizichapisha kubwa na kuzibandika ukutani mbele ya meza. Paa lililobonyea na tairi lisilokuwapo aliamua kuvirudisha vilivyokuwa zamani; kutu tu ndiyo aliyoiiga. Siku ile alimleta mwandishi kwa sababu alihitaji kuhakikisha rangi moja ya boneti, na, alikiri baadaye, kwa sababu alichoka kuwa peke yake kwenye jambo lile. Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, akageuka kuwahi kengele.

Mwandishi aliahidi kunyamaza, na alidhani siri ikivuja itavujia mdomoni mwake.

Alhamisi saa tisa alasiri, gari lilikuwa tayari. Mama Kutu alilipeleka juu ya sinia, limefunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa amemwegemeza mdogo wake kwa mito mitatu. Alikuwa ameoga, amebadili kitambaa cha kichwa, na mwandishi alishangaa kuona kwamba ana haya, kama mwanafunzi anayepeleka daftari kusahihishwa.

"Haya, bwana harusi," akasema, akafunua.

Dereva alilichukua kati ya viganja viwili, maana vidole haviwezi. Alilisogeza karibu na uso. Akaanza kucheka. Aliona bonde la ubavuni na kupiga kelele: "La geti la gereji! Si nilikwambia ulifunge kwa kamba?" Aliona mstari mweupe ambao dada yake aliupiga kwa mkono na ukapinda kidogo karibu na taa, na kwenye dogo nao umepinda pale pale. Alinusa, akasema linanuka kazi. Kwa dakika kadhaa alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kisha akafanya lile ambalo dereva yeyote anafanya kwa gari. Aliligeuza atazame chini, kwenye bomba la moshi.

Alilielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Limepauka tumbo," alisema.

"Limezeeka," akajibu dada.

"Dada. Gari gani linachomwa jua tumboni?"

Alirudisha gari likasimama kwa matairi, akalitazama ubavu. Na hapo hata mwandishi, ambaye hajui kupaka rangi hata geti, aliona. Michirizi ya kutu ilianzia kwenye mshono wa chini wa mlango na kupanda juu. Ilipita kitasa, ikafika dirishani, ikaelekea paani. Kila mchirizi. Yule mwanamke ambaye miaka kumi na mmoja amewaambia watu kwamba kutu hulia kwenda chini alikuwa ameipandisha yote juu, kwa ufundi usio na kasoro hata moja.

Dereva aliligeuza gari polepole na kuliweka kwenye sinia juu ya paa lake, matairi juu. Michirizi yote ikaelekea chini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile ile."

"Na yule kijana mchafu?"

"Hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Hakuwahi kuwepo, mdogo wangu."

Dereva akamgeukia mwandishi. "Na wewe ulijua."

Mwandishi alijibu ndiyo. Ameandika habari za mafuriko na za mahakamani, lakini hakumbuki siku aliyoona aibu kama ile.

"Nitoleeni hicho kitu," Dereva alisema. "Na nyie mtoke."

Siku nne hakula. Alikubali maji ya kumezea dawa, basi. Kengele ililia kila baada ya saa mbili, mara kumi na mbili kwa siku, na Mama Kutu aliingia, akamgeuza, akatoka. Mgonjwa, aliyezoea kumsaidia kwa mkono, safari hii hakusaidia. Wala hakumwambia dada yake kwamba amechelewa.

Kwa simu, sauti ya Mama Kutu ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Najua nilipokosea," alisema. "Nilizigeuza picha. Zilikuwa zinaonyesha gari kichwa chini, na shingo inaniuma kuangalia hivyo, nikazibandika zikiwa zimesimama. Nafanya kazi na kioo cha kukuzia, naona kipande cha kidole kimoja tu kwa siku. Naiga kilichopo kwenye picha. Mkono wenyewe huu, akili yote iko kwenye kuutuliza. Kwa ajili ya shingo! Unasikia? Miaka yote ile ya uongo, imeanguka kwa sababu ya shingo."

Mwandishi aliuliza, kwa upole aliodhani unatosha, kama pengine mkono ulitaka kusema kile ambacho mdomo ulishindwa.

"Usiniletee mambo ya magazeti," alijibu. "Mkono ni mkono. Nilikosea. Na mtu hali." Akakata simu.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, Mama Kutu alikuwa anamgeuza kwenda ubavu wa kulia aliposikia sauti sikioni.

"Kama ulikuwa unatunga, mbona ulinishindisha mara chache hivyo?"

Anasema ilibidi akae kitandani. "Nikamwambia, ungeshtuka, ukisikia unashinda kila wiki. Akasema, na ule mwaka mzima wa gia mbovu? Nikamwambia ule mwaka nilikuwa nimekukasirikia, ulikuwa unatema dawa. Akasema, Dada, wewe ni mtu mbaya sana. Akaomba uji."

Dereva hakudai aombwe msamaha, wala hakuutoa. Aliuliza maswali, siku nzima, moja baada ya jingine, kama wanavyoulizwa wateja kwenye kiti cha plastiki. Limelala yadi gani? Upande gani wa yadi? Paa limeingia ndani kiasi gani? Usukani upo? Akataka picha, zote, na akataka azione zilivyopigwa, kichwa chini.

Jioni akasema hivi, na Mama Kutu ameyarudia kwa mwandishi neno kwa neno, akiwa ameshika mlango: "Mimi unanigeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, nisioze. Lile miaka kumi na mmoja hakuna aliyeligeuza hata mara moja. Nataka ligeuzwe."

Ndiyo mpango wenyewe, na hakuna mwingine. Jumamosi hii watu wanane watakwenda yadini. Wawili ni madereva wa zamani walionyamaza tangu mwaka wa tatu. Mama Kutu aliwapigia simu na kuwaambia mambo ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, wakakubali kuja. Mzee wa yadi ametoa mbao na jeki. Dereva, akiwa kitandani, ameshatoa amri zote: mbao ziwekwe chini ya nguzo ya mbele, mtu asishike bomba la kushoto maana lilishaungwa mara mbili, na wakishalisimamisha, lisisukumwe, liachwe litulie.

Naye anataka awepo. Daktari amekataa katakata. Vidonda viwili vya mgongoni viko wazi, homa imeanza kumpanda alasiri, na saa moja ya kulala juu ya godoro ndani ya pikapu, kwenye barabara ya mashimo, inaweza kuwa ndiyo ya mwisho. Aliyasema mbele yake, bila kuzunguka.

"Anajua figo," Dereva alimwambia mwandishi. "Wifi hamjui."

Ni yeye aliyesema makala haya yaandikwe. Alisomewa rasimu Jumatano, amelalia ubavu wa kushoto, na alisahihisha mambo mawili: idadi ya mara Wifi alizopinduka, ambayo dada yake alikuwa amesema ni mbili, na mahali tairi lilipopasukia. Gari dogo lilikuwa juu ya kabati lake. Aliliomba lirudishwe, likarudishwa, na limewekwa juu ya paa kama alivyoliweka yeye. Dada yake ameomba arekebishe michirizi. Amekataliwa. Na hata angekubaliwa, asubuhi ile alishindwa kufungua kizibo cha chupa ya siki, akamwita mke wa fundi cherehani amfungulie.

Meza yake imefutwa. Hana kazi inayomsubiri. Makopo ya thina amempa fundi wa mageti wa mtaa wa pili, na hajui mwezi ujao dawa zitatoka wapi.

Mwandishi alimuuliza, wakiwa nje, kama atamchukua mgonjwa Jumamosi licha ya katazo la daktari. Alisema pikapu imeshapatikana na godoro ameshalianika juani. Mwandishi akauliza pia kama mdogo wake amemsamehe.

"Hajanisamehe," alisema. "Leo asubuhi nimemwambia shikamoo ya utani, kajifanya kalala. Kanuna. Anakula, lakini kanuna."

Alitazama kwenye pazia, akashusha sauti.

"Mtu aliyekukunjia uso ujue yupo. Mimi dua yangu ni moja tu sasa: aninunie hata miaka mingine kumi na mmoja."